MOTO WA KINAMASI NA MAZUKU YETU
Tuseme kidogo juu ya mfu mmoja wa mchezo wa mezani



Katika kijitabu hiki tumezoea kusema juu ya mambo ya kwetu: majina ya watoto, mahari, kilio, methali, hadisi za jioni. Mara hii tunashika kitu kilichotoka mbali, na wazee wengine watauliza: mambo ya michezo ya Wamarekani yanatuhusu nini? Jibu letu ni fupi. Viumbe vya michezo ile viko tayari katika simu za watoto wetu. Tena tangu mwaka 2023 sehemu kubwa ya sheria za mchezo tutakaousema imewekwa huru, kila mtu anaweza kuichukua, kuitafsiri, kuongeza ya kwake, bila kulipa, mradi ataje ilikotoka. Ni wazi kwamba kijana wa Kivu mwenye kupenda mchezo ule ataingiza siku moja vitu vya hapa kwetu, na cha kwanza atakachofikiria ni mazuku. Basi ni vizuri tupime kiumbe cha wenzetu mbele ya kukipa jina letu. Tutakipima kwa kipimo kile kile tunachotumia kwa hadisi za wazee: kinafundisha nini, kinaficha nini, na kinamnyooshea nani kidole.

1. Mchezo wenyewe

Mchezo unaitwa Dungeons & Dragons. Ulitolewa Marekani mwaka 1974 na watu wawili, Gary Gygax na Dave Arneson. Si mchezo wa kukimbiza mpira wala wa kusukuma mawe kama kisoro. Watu wanne au watano wanakaa kwenye meza. Mmoja anaongoza: yeye ndiye anasimulia safari, anasema njia iko namna gani, mvua inanyesha, mbele kuko mto. Wengine kila mmoja anashika mtu wake wa kufikiriwa, mwenye nguvu fulani na udhaifu fulani, na anaeleza mtu wake anafanya nini. Jambo likiwa na mashaka wanatupa dadu, na ile kubwa ina pande 20. Namba inaamua.

Mwenye kuangalia juu juu atasema ni mchezo wa kitoto. Lakini mwenye kukumbuka jioni za hadisi kijijini ataona ndugu yake hapo. Kuna msimulizi, kuna wasikilizaji, na wasikilizaji hawanyamazi: wanaitikia, wanauliza, wanabisha. Tofauti ni kwamba kwa wazee hadisi ilikuwa na mwisho wake unaojulikana, na hapa mwisho unatoka kwa wasikilizaji na kwa dadu.

Mchezo huu una vitabu vyake vya viumbe. Cha zamani kinachojulikana sana kilitoka mwaka 1977, Gygax mwenyewe akiwa mwandishi. Kimeandikwa upya mara nyingi; tutashika kile cha mwaka 2014, juu ndicho kilichosambaa zaidi duniani. Ndani yake kila kiumbe kina karatasi yake, sawasawa na kitambulisho: kimo, mwendo, kinga, pointi za uhai, namna ya kupiga, na maelezo ya tabia. Kuna ukoo mzima wa wafu wanaotembea. Katika ukoo ule tumemchagua mmoja anayekaa kwenye kinamasi.

2. Kiumbe kinachosemwa

Kwa Kifaransa wanakiita feu follet. Sisi tutasema moto wa kinamasi. Ni mwanga mdogo unaoelea juu ya maji na matope usiku. Kwa mbali unafikiri ni taa ya nyumba, au mwenzako ameshika koroboi anakungoja. Unaacha njia, unaufuata, unazama. Kitabu kinasema ni roho ya mtu mbaya aliyekufa kwa uchungu akitangatanga mahali palipoachwa, na sasa inashiba kwa woga na kukata tamaa kwa wengine.

Tutazame karatasi yake. Kinga yake ni 19, maana yake ni ngumu sana kukipiga. Pointi zake za uhai ni 22 tu. Kinaruka haraka, kinaweza kuzima mwanga wake na kupotea machoni, kinapita katika vitu, na hakiwezi kuvaa wala kubeba kitu chochote. Kinaweza kusema lugha zile ilizozijua roho wakati wa uhai wake. Na kina silaha moja ya kutisha kuliko zote: mtu akianguka karibu nacho, akiwa amebakiza pumzi tu, kinaweza kumnyonya ule uhai uliobaki, afe palepale, na chenyewe kinapona.

Tuseme wazi kwamba hii ni kazi nzuri. Ukilinganisha na zombi wa kitabu kile kile utaelewa. Zombi naye ana pointi 22, hesabu moja kabisa. Lakini zombi anakuja polepole, unampiga, anaanguka, pengine anasimama tena, unampiga tena. Hakuna cha kufikiri. Moto wa kinamasi haukuji kwako; unakufanya wewe uende. Adui wa kweli ni matope chini ya miguu, na mwanga ni mwenye kukupeleka. Aliyeutunga alielewa kwamba mahali penyewe panaweza kuua kuliko meno na kucha.

Ufahamu huo haukuanzia Marekani. Watu wa Ulaya waliokaa karibu na mabwawa walisimulia juu ya mianga ile kwa karne nyingi. Wenye kusoma Kilatini waliiita ignis fatuus, yaani moto wa kijinga, wenye kumfanya mtu mjinga. Mwaka 1776 Mwitalia Alessandro Volta alikusanya hewa iliyokuwa ikitoka katika matope ya ziwa Maggiore, akaonyesha kwamba inawaka. Ile ndiyo hewa tunayoiita leo metani. Namna gani hasa mianga inawashwa yenyewe, wataalamu wamebishana. Lakini mafundisho ya hadisi hayakungoja wataalamu: usiku, karibu na bwawa, usiache njia kwa sababu ya taa usiyoijua mwenyewe. Mtoto aliyesikia hadisi ile akiwa na miaka sita aliishi.

Kwa hiyo tunasema: kiumbe hiki kilizaliwa kuwa kibao cha barabara. Kinaonyesha mahali pa hatari. Huo ndio utukufu wake, na ndipo tutakapokilinganisha na chetu.

3. Mazuku si hadisi

Msomaji wa Goma, Sake au Kibumba hahitaji kuelezwa mazuku. Kwa wale wa mbali tuseme. Upande wa kaskazini wa ziwa Kivu, hasa kutoka magharibi ya mji wa Goma mpaka kuelekea Sake, kuna mabonde madogo na mashimo katika mawe ya volkano. Kutoka ndani ya ardhi, kupitia nyufa, kunatoka hewa ya kaboni, ile ile tunayoipumua nje, lakini nyingi sana. Haina rangi. Haina harufu ya kukuamsha. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, karibu mara moja na nusu, kwa hiyo inalala chini kama maji katika sahani. Usiku na asubuhi mapema, kama hakuna upepo, sahani inajaa. Jua likipanda na upepo ukipita, inapungua. Hewa ile ikizidi sehemu 10 kwa 100, mtu anaanguka upesi na anaweza kufa kwa dakika chache.

Neno lenyewe wengi wanalieleza kuwa ni upepo mbaya. Sikio la Kiswahili linasikia humo pia kuzuka, na mzuka, yule anayetokea bila kupiga hodi. Kwa hiyo kijana anayesema mazuku ni kiumbe cha wafu hajakosea njia sana: lugha yetu yenyewe imeshamsukuma upande ule. Na ukisikiliza wamama wa kartye utasikia maneno kama ya kiumbe: "Usishuke mule, kuko mazuku." "Mazuku ilibeba mbuzi yake." "Inakulaka watu asubuhi." Hawasemi hewa ya kaboni, wanasema kitu kinachobeba na kinachokula. Na wako sawa, juu mtoto wa miaka minne haogopi hewa ya kaboni, lakini anaogopa kitu kinachobeba.

Tazama sasa namna gani hivi viwili vinafanana na vinapingana. Vyote viwili vinakaa mahali pa chini. Vyote viwili ni hewa ya ardhi iliyopewa jina la roho. Lakini cha Ulaya kinawaka, na chetu kinazima. Ukishuka na mshumaa au koroboi mahali penye mazuku, moto unakufa mkononi mwako. Kule taa inayowaka ndiyo hatari. Hapa taa inayozimika ndiyo mwenye kukuponya, kama una akili ya kurudi mara moja. Tena dalili nyingine: ndege wamelala chini, wadudu wamekufa, panya amekufa bila kidonda. Mbwa anaanguka mbele ya mtoto, mtoto mbele ya mkubwa, aliyeinama mbele ya aliyesimama. Kimo ndicho kinaamua. Kiumbe cha namna hii hakuna katika kitabu cha mwaka 2014, na hakuna dadu ya pande 20 inayoweza kukieleza.

Tuongeze jambo moja, juu watu wanachanganya. Metani ya Volta, ile ya moto wa kinamasi, sisi nayo tunayo, na kwa wingi: imo ndani ya ziwa Kivu, kilomita za ujazo karibu 60, pamoja na hewa ya kaboni karibu 300. Jirani zetu wa Rwanda wanaitoa na kuifanya umeme, na kituo cha KivuWatt kilifunguliwa mwaka 2016. Hewa ambayo kwa wengine ilikuwa mzimu, hapa inawasha balbu. Ile ya kaboni haiwaki, na ndiyo inayoua. Wenye kukumbuka wanajua ziwa Nyos la Kameruni: usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 hewa ya kaboni ilitoka ziwani ghafula na watu karibu 1,700 walikufa, pamoja na ng'ombe zao.

4. Pale kanuni inapokosea

Sasa tunafika kwenye kosa letu kubwa tunalolilaumu, na tunaomba vijana wasikilize hapa zaidi ya mahali pengine.

Katika mchezo, mwenzako akianguka karibu na moto wa kinamasi, kuna kazi moja tu ya heshima: mkimbilie. Mwinue, mpe dawa, mvute, haraka, mbele ya kiumbe kumnyonya. Kanuni imetengenezwa ili kuchelewa kuwe dhambi. Kwa upande wa hadisi ni jambo zuri, linafundisha urafiki na ushujaa.

Kwa mazuku, tendo lile lile ndilo linachimba kaburi la pili. Mtoto ameanguka katika shimo, mama anashuka kumchukua, anaanguka. Baba anakuja, anaona wawili, anashuka. Hewa haijali ushujaa. Mwenye kuinama kumshika aliyelala anaingiza kichwa chake palepale penye sumu. Yule anayetaka kusaidia lazima kwanza asimame juu, apige kelele, atafute kamba, atafute watu, na kama kuna njia ya kuingiza upepo, aingize. Ni vigumu sana kumwambia mtu asimame wakati mtoto wake amelala pale mbele ya macho. Ndiyo maana inatakiwa aambiwe zamani, mbele ya siku ile, mara nyingi, mpaka imuingie katika mifupa. Kazi hiyo ndiyo hadisi zinaiweza.

Basi kijana akichukua karatasi ya moto wa kinamasi, akafuta jina la zamani na kuandika Mazuku juu yake, akabakiza kanuni ile ya kukimbilia, atakuwa amewafundisha wadogo zake kitu cha kuua. Na hatari hii ni kubwa zaidi sasa, juu sheria zile za bure za mwaka 2023 kwa kiumbe hiki zinatoa hesabu tu: kinga, pointi, mapigo. Maelezo yenyewe yamebaki katika kitabu cha kununua. Kijana anapewa mifupa bila nyama, na nyama atatia ya kwake. Akitia jina la hapa juu ya mifupa ya kule, mwili hautasimama.

Watu watatuambia: "Ni mchezo tu." Tunajibu kwamba sisi wenye kuandika katika kijitabu hiki hatujawahi kuamini neno "tu" hilo. Wazee nao walikuwa wakicheza waliposimulia. Na mahali tunapokaa si mahali pa mfano. Tangu mwaka 1994, kwa nyakati mbalimbali, maelfu na maelfu ya watu waliokimbia vita walipanga hema zao upande ule wa Mugunga na Bulengo, mahali penye mazuku. Walikuwa wageni. Hawakuzaliwa na hadisi ya mahali pale. Wenyeji walijua shimo gani halikaliwi. Mkimbizi aliona shimo lile kuwa mahali pazuri pa kujikinga na upepo. Hapo unaona thamani ya kiumbe chenye jina. Elimu ya volkano ina watu wake, na Observatoire Volcanologique ya Goma imepima mashimo yale miaka mingi. Lakini kipimo kinakaa katika karatasi. Jina linatembea kwa miguu, kutoka hema mpaka hema.

5. Wafu ni akina nani?

Jambo la pili tunalolilaumu ni hili la kufanya moto wa kinamasi kuwa mfu, tena mfu mbaya.

Katika toleo la mchezo la mwaka 2000 kiumbe hiki hakikuhesabiwa kati ya wafu. Kiliwekwa katika kundi la viumbe vya ajabu visivyo na ukoo. Kitabu cha mwaka 2014 ndicho kinamweka kwa wafu. Kuna faida: sasa kina huzuni, kilikuwa mtu, kina lugha. Lakini tazama hukumu iliyokuja nayo. Aliyekufa kwa uchungu, akitangatanga mahali palipoachwa, anaitwa mbaya, na kazi ya wachezaji ni kumzima.

Sisi tunauliza: kwa kweli ni nani wanakufa kwa uchungu katika mabwawa na misitu? Mwaka 1996 na 1997 watu wengi walitembea kwa miguu kutoka kambi za Kivu mpaka Tingi-Tingi na mbele zaidi, kupitia misitu na matope, wazee na watoto. Wengi hawakufika, na wengi wao hawakuzikwa kwa majina yao. Kwa desturi zetu, za makabila karibu yote ya upande huu, mfu asiyezikwa ni mtu tunayedaiwa naye. Akitokea usiku, hatafuti kula woga wa mtu. Anataka ndugu zake wajue alilala wapi. Unamtuliza kwa kumlilia, kwa kutaja jina lake, kwa kukaa matanga. Mfu anaweza kukasirika, ndiyo, lakini hasira yake ina sababu, na mwenye kusikia sababu anaweza kuimaliza.

Ajabu ni kwamba mchezo ulifika mlangoni ukaacha kuingia. Umempa mfu lugha zote alizozijua katika uhai wake. Lakini hakuna mahali panapomsukuma mchezaji amuulize: unaitwa nani? Wewe ni wa wapi? Ulikufa ukienda wapi? Amepewa ulimi wa kudanganya tu. Kwetu ulimi wa mfu ni wa kudai na kuonya.

Hata zombi, yule jirani yake mwenye pointi 22, ana historia ya namna hiyo. Wataalamu wengi wanaunganisha neno lake na Kikongo, na maneno ya watu wa magharibi ya nchi yetu kama nzambi na zumbi, yaliyovuka bahari pamoja na watumwa mpaka kisiwa kinachoitwa leo Haiti. Kule likawa jina la woga mmoja wa mtumwa: kwamba hata kufa hakutamtoa shambani, bwana ataufufua mwili wake uendelee kutumika. Ndugu zetu wa Tanzania wana msukule, mwenye kufanana naye sana. Halafu mwaka 1929 Mmarekani William Seabrook aliandika kitabu juu ya Haiti, filamu zikafuata tangu mwaka 1932, na filamu ya George Romero ya mwaka 1968 ikamfanya mfu mwenye kutembea kuwa mla watu asiye na bwana wala kazi. Mchezo wa mwaka 1974 ulimkuta tayari katika hali ile. Mtu aliyenyang'anywa hata kifo chake amegeuka kitu cha kulengwa. Neno letu limerudi nyumbani limevaa nguo za wengine, na watoto wetu hawalitambui tena.

6. Kidole kinanyooka wapi?

Tumesema kwamba kipimo cha tatu ni kidole. Kuna viumbe vya hadisi vinavyonyoosha kidole mahali: usiende kule. Na kuna vinavyonyoosha kidole kwa mtu: ni yule. Vya kwanza vinaokoa. Vya pili, katika nchi yetu, vimeua.

Hatuhitaji kueleza sana. Kila mji wetu umeona watoto waliofukuzwa nyumbani kwa sababu ya neno moja, ndoki, mchawi. Jambo lilikuwa zito mpaka Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, ikataja kumshtaki mtoto uchawi pamoja na ubaya mwingine unaokatazwa, na sheria ya mwaka 2009 ya kulinda watoto ikafuata. Msukule na wenzake wana bwana, na penye bwana kuna jirani anayeshukiwa, mara nyingi mjane, mzee, au yatima.

Hapa tunausifu mchezo wa Wamarekani bila kujificha. Moto wa kinamasi hauna bwana wa lazima. Hautumwi na shangazi wa mtu. Uko mahali pake, na mwenye kupita ajihadhari. Mazuku nayo iko hivyo hivyo: hatujasikia mtu akisema mazuku ya fulani. Ni ya ardhi. Ni moja ya vitu vichache vya kutisha kwetu ambavyo havijapewa mwenyewe, na tunaomba vibaki hivyo. Mtunzi atakayeona hadisi yake imepoa na kutaka kuongeza mchawi anayeituma mazuku usiku, akumbuke kwamba atakuwa ameongeza moto mahali pasipohitaji.

Kwa sababu hiyo pia hatukubaliani na wale watakaosema mchezo wote ni mambo ya shetani, utupwe. Kule Marekani katika miaka ya 1980 wazazi na wahubiri wengi waliupigia kelele kwa maneno hayo hayo. Mchezo haukufa. Na kijana aliyeambiwa kwamba kila hadisi ya kutisha ni shetani hana tena njia ya kutenga ile inayoonya na ile inayoshtaki. Kazi ya kutenga ndiyo tunayoitaka.

7. Basi iandikwe namna gani?

Hatupendi ukosoaji unaobomoa na kwenda. Kama vijana wataandika karatasi ya Mazuku, maoni yetu ni haya.

Isiwe na pointi za uhai. Kitu chenye pointi kinapigwa, na hakuna panga linaloua mazuku. Badala ya pointi iwe na saa: alfajiri imejaa, saa sita imepungua, upepo ukivuma imelala. Wachezaji wajifunze kungoja, jambo ambalo michezo ya namna hii haifundishi sana.

Isiwe na mwanga wake. Mwanga uwe wa wachezaji, na msimulizi aseme kwa utulivu: koroboi yako imezimika. Asiongeze neno. Mwenye kuelewa atarudi.

Kimo kihesabiwe. Aliyebeba mtoto mgongoni, aliyeinama kuchota maji, mbuzi aliyekatika kamba: hao ndio wa kwanza. Msimulizi mzuri ataanza na panya, kisha ndege, kisha mbwa, ili asiyeona apewe nafasi tatu za kuona.

Mwenye kushuka kumkimbilia aliyeanguka asilipwe kwa ushujaa wake. Alipwe yule aliyebaki juu akaita watu na kutafuta kamba. Tunajua hili litawachukiza wachezaji. Liwachukize mezani, lisiwalize shimoni.

Na kama watapenda kuweka mfu katika hadisi, awekwe kama mfu wa kwetu: mtu aliyelala mule zamani, mgeni aliyekimbia vita, asiyejua shimo. Asimame ukingoni, asiseme uongo. Awaulize wachezaji kama wanatoka kwao, awaonyeshe njia ya juu. Na safari isiishe kwa kumpiga. Iishe siku watakapofika kwa ndugu zake na kutaja jina lake, kilio kikakaliwa.

Tumalizie. Kiumbe cha kitabu cha mwaka 2014 ni kazi ya watu wenye ufundi, na ndani yake bado kuna onyo la kale la watu wa mabwawa, ingawa limefunikwa na hesabu. Tunakikubali kama mgeni: tumpe kiti, tumsikilize, tuchukue lililo zuri. Lakini hatutampa jina la mazuku aende nalo, juu jina lile lina kazi hapa. Kesho asubuhi, mbele ya jua kupanda, kuna mtoto atatumwa kuchota maji au kutafuta mbuzi upande ule wa mawe, na maneno aliyosikia jana jioni ndiyo atakayotembea nayo.